Lalamiko Namba 417 Lakataa Kufungwa

Jana alfajiri, baada ya swala, nilijilaza kidogo tu nipate nguvu za kazi, na ndoto ikanikuta nimeketi ofisini kwangu. Ofisi haikuwa na kuta. Hilo halikunishangaza, maana programu yangu ya simu, Kumbusha Dawa, ni huria: msimbo wake uko wazi, na mwenye ujuzi yeyote ruksa kuurekebisha. Mwaka wa nne huu naisimamia bila malipo, na halijatokea lalamiko la kunishinda. Nasema ukweli, sijisifu.

Mzungu mmoja mwenye sweta akaingia, akakata miguu ya meza yangu kwa msumeno, akasema, "Nimeboresha." Nikamshukuru. Ndio utaratibu wetu.

Malalamiko yamejaa kwenye benchi, kila moja na namba yake kifuani. Naliita namba 417. Linakuja likiburuta miguu, lalamiko fupi, limevaa kofia ya kiua. Nalijua. Limeandikwa na Mzee Mhando wa Korogwe, maneno manne tu: "Saa yenu haijui saa."

"Shikamoo," naliamkia, maana limetoka kwa mtu mzima.

"Marahaba. Unataka kunifunga?"

"Nimekujaribu kwenye simu yangu, sikuona kasoro yoyote. Nakufunga, umekwisha." Kufuli nimeshalishika mkononi.

"Na sheria yenu inasemaje?"

"Tatizo halifungwi mpaka msimamizi alipitie mwenyewe."

"Basi lipitie," likasema, likavua kofia, likanivika.

Kufumba na kufumbua niko Korogwe, sebuleni kwa Mzee Mhando, na Mzee Mhando ndiye mimi. Nina ndevu nyeupe na goti linauma. Mke wangu, Bi Sikudhani, amekaa mkekani, macho yamemlegea. Ana presha. Daktari kasema kidonge kimoja saa mbili asubuhi, kimoja saa mbili usiku, asikose. Nami nimeandika mbili kwenye simu, kwa kidole changu hiki.

Jua linapanda. Saa mbili inapita, simu kimya.

"Mume wangu, bado tu?"

"Subiri simu iseme. Hiyo ndiyo msomi."

Saa tatu. Saa nne. Saa tano Bi Sikudhani anainuka akainjike chai, anashika ukuta, anaanguka polepole. Nampepea kwa kanga, namwita, haitiki. Saa nane mchana simu inalia kwa furaha: "Saa mbili kamili! Kunywa dawa!"

Moyo ulinipasuka. "We simu, una wazimu?"

"Mimi nafuata nilivyoandikwa," ikajibu, haina hata haya. "Zamani nilijua mbili yenu ni asubuhi, watu wanakwenda kazini. Mtu wa sweta akasema nimepotea kwa saa sita, akaninyoosha. Wewe ukamshukuru."

Lo! Ni kweli kabisa. Mwezi uliopita mjitoleaji mmoja wa Ulaya alituma marekebisho ya "kosa la saa sita". Nami, Salha binti Kombo, mzaliwa wa Pangani, niliyehesabu saa tangu jua kuchomoza toka sijui kuvaa viatu, nikayakubali kwa sababu kaandika kwa adabu na mimi nina haraka. Simu yangu mwenyewe nimeiweka saa za kizungu, ndiyo maana sikuona kitu. Aibu ilinishika mpaka ndevuni.

Lakini mimi si wa kulia. Nikaibandua simu mgongo kwa kijiko, nikaingiza mkono mpaka kwapani, nikaushika ule mstari wa marekebisho, nikauvuta. Ukang'ang'ania. Mtu wa sweta akachungulia dirishani.

"Lakini dada, nimeboresha!"

"Umeboresha kwenu, kaka. Huku siku inaanza jua likichomoza, na mama huyu hafi kwa hesabu zako."

Nikaung'oa. Nikazirudisha zile saa sita moja moja, bado zina joto kama mayai ya kuku. Simu ikakohoa, ikasema saa ya kweli. Bi Sikudhani akafumbua macho, akameza kidonge chake, akaniambia, "Binti, kaa basi unywe chai." Nikajiona sina tena ndevu. Nikamwambia nashukuru, nina kazi, nikatoka mbio.

Nikaamka saa mbili na robo, jasho linanitiririka. Nikafungua kompyuta moja kwa moja kwenye lalamiko la Mzee Mhando, niombe radhi kisha nianze kurekebisha. Chini yake pana ujumbe wake, umeingia dakika kumi zilizopita:

"Binti Salha, Mungu akubariki. Leo imelia saa mbili kamili, mama amekunywa dawa yake, yuko jikoni anaimba. Anauliza, hii kandambili uliyoisahau mlangoni tuitume kwa basi la saa ngapi?"

Nikainama, nikatazama chini ya kitanda. Ya kulia ipo peke yake.