Mgongo Kwenye Kioo

Marlys Friesen ana roho mbaya, na nilimwambia hivyo hivyo usoni, pale mlangoni mwa uwanja wa barafu wa hapa kwetu Lindal, wazazi wenzangu wote wakisikia.

Mama huyo ndiye kocha wa timu ya hoki ya mwanangu. Alikuwa amesimama na ndoo ya pipi za kijiti, anatugawia kama watoto wa chekechea. Sheria aliitunga mwenyewe: mechi ya leo mzazi asifungue mdomo, anyonye pipi yake. Ukipiga kelele, mtoto wako anakwenda benchi na anakaa huko mpaka mwisho.

"Leo?" nikamwuliza. "Siku waliyokuja wachaguzi wa timu ya jimbo? Una wazimu wewe?"

"Leo hasa," akasema. "Ya rangi gani, baba Dane? Nyekundu imebaki moja."

Nikaichukua. Ningefanyaje? Dane ana miaka kumi na minne, ni beki, na tangu baridi ianze hana wimbo mwingine ila timu ya jimbo. Hali vizuri kwa kuiwaza. Na mimi kila Novemba ndiye ninayemwaga maji uani yagande apate pa kuchezea, huku mpira wa maji ukinigandia mikononi. Nimemfundisha mimi, si Friesen. Kwa Friesen nusu ya mazoezi hayana hata barafu: mara kuruka kamba, mara kulala sakafuni macho yamefumbwa wanapumua, eti kutuliza akili. Mtoto wa hoki anafundishwa kupumua! Kwani alikuwa anaishije?

Na wakiingia kwenye barafu, yeye husimama nyuma ya goli amenyoosha vidole. Mtoto anakuja mbio, anasukuma kile kisahani cheusi kwa gongo lake, na anatakiwa ataje vidole ni vingapi bila kuinamisha kichwa. Dane alikuwa hapatii hata siku moja.

"Haangalii chini," Friesen aliniambia mwezi uliopita. "Wala haniangalii mimi. Anakutazama wewe hapo nyuma ya kioo cha uwanja. Kabla ya kila pasi."

Nikamwambia akapimwe macho.

Basi mechi ikaanza, na sisi watu wazima tumejipanga nyuma ya kile kioo kinachozunguka barafu, mashavu yametuna kwa pipi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Kushoto kwangu alisimama Trudi Wiebe, mama wa kipa wetu, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo. Yeye aligundua mapema kwamba kunong'ona si kupiga kelele.

Dane akapata kisahani. Akainua kichwa, akageuka, akanitazama.

Hivi hivi, waziwazi, macho kwenye macho. Muda wa kupepesa tu, lakini jamaa wa timu pinzani akamfikia akambamiza ukutani mpaka kioo kikatikisika mbele ya pua yangu.

"Masikini," Trudi akanong'ona. "Rimoti imeisha betri."

"Funga mdomo, Trudi."

"Nimefunga. Wewe ndiye unayetoa mate."

Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikanyoosha mkono kumwonyesha: kulia, kulia! Ng'ambo ya barafu Friesen akaniona. Akaninyooshea kidole, kisha akaonyesha mwisho wa benchi, pale anapokaa asiyecheza. Maana yake hata mikono ni marufuku. Nikautia mkono mfukoni. Damu ilinichemka, nikaona kabisa ningeweza kuruka ule ukuta nikamzaba kofi mama wa watu.

Juu kwenye viti, wachaguzi wawili walikuwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Mmoja akatikisa kichwa. Nilijua wanamsema nani. Mwanangu alikuwa anaikosa timu mbele ya macho yangu, na kila alipoikosa alikuwa ananitazama mimi.

Zikabaki dakika chache, matokeo sare. Dane akakipata kisahani karibu na goli letu, wapinzani wawili wanamjia. Akainua kichwa. Nikajua anakuja kwangu tena, nikajua na nitakachofanya: nitaitema ile pipi na nitapiga ukelele, liwalo na liwe.

Nikageuka. Sijui nani alinigeuza. Nikampa mgongo.

Mbele yangu kulikuwa na kantini na ubao wake: chipsi za mchuzi, supu, kahawa. Nikausoma. Nikausoma tena. Nyuma yangu vyuma vya viatu vikakwaruza barafu, halafu sauti ikapaza: "Kushoto! Niachie! Songa mbele, songa!" Nzito, ya mtu anayejua anachotaka. Nyumbani Dane hunijibu kwa kuguna. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni yeye, kwa sababu uwanjani siku zote sauti ni yangu.

Vyuma vikaenda mbali. Gongo likapiga. Kitu kikagonga chuma cha goli, benchi letu lote likalipuka kwa kelele.

Nilipogeuka, watoto walikuwa wamelaliana rundo moja na viatu vya Dane viko chini kabisa.

"Imekuwaje?" nikamwuliza Trudi. "Amepitaje? Kafunga yeye?"

Trudi alikuwa analia, mwanamke yule mbaya. Akajifuta pua kwa glavu. "Si ulikuwepo," akasema, na hakuniambia zaidi.

Friesen ndiye aliyenifuata mwishoni. "Wamemchukua," akasema. Nilingoja anisimange. Hakunisimanga, akanyoosha ndoo nitupie kijiti, na hilo ndilo lililonikera kuliko matusi.

Garini Dane alikula chipsi zake. Nje kulikuwa na baridi ya kukatika masikio, injini inaunguruma, kioo bado kina ukungu. Nilikuwa nangoja anihadithie, kwa sababu sikuweza kuuliza.

"Uliliona goli?" akaniuliza.

"Sikuliona. Niligeuka."

"Najua. Niliuona mgongo wako." Akatafuna. "Nikadhani umenikasirikia. Halafu nikaona hakuna wa kumtazama, nikaangalia mbele."

"Sasa niambie lilivyokuwa."

Akalikunja karatasi la chipsi, akalitia mfukoni.

"Jumamosi kuna mechi nyingine," akasema. "Ugeuke tena."

"Mechi nzima?"

"Mechi nzima, baba."

"Hata goli moja nisione?"

"Hata moja."

Roho iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa na la kumjibu, nilikuwa na mengi. Nikawasha taa za gari, nikasema sawa.