Mashine Iliyopokelewa Kabla ya Kufika

Rhoda aliweka ndoo juu ya kaunta, akaondoa kitenge alichoifunikia, akamwambia kijana wa kituo cha mizigo kwamba ameleta ushahidi. Ndani ya ndoo kulikuwa na mayai kumi na mawili. Kila yai lilikuwa limeandikwa jina na tarehe kwa kalamu ya buluu: Limi, 9/3. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na nne Aprili.

"Mama, hapa hatununui mayai," alisema kijana. Kitambulisho kilichoning'inia kifuani kilisema anaitwa Theonest.

"Sijaja kuuza. Nimekuja kurudishiwa hela ya mashine yangu."

Mimi nilisimama nyuma yake na bahasha yangu ya kaki. Sisi ni majirani huko Samuye, na Samuye mtu akionewa na karani huwa anagonga kwangu kwanza, nimwandikie barua.

Mashine yenyewe ni ya kutotolesha vifaranga, mayai mia kwa mkupuo, inatumia sola. Rhoda aliiona kwenye simu. Alikuwa ameshapika miaka miwili kwa wachimbaji wa Mwakitolyo, ugali na dagaa kando ya maduara yao ya kuchimbia dhahabu, na alichokiweka kando ndicho alichoagizia. Malipo yalipomkatalia kwenye simu, akaja kulipia hapa kituoni mjini Shinyanga. Siku ya nne akaletewa ujumbe kwamba mzigo wake uko njiani.

Hapo alifanya kosa ambalo hata mimi ningelifanya. Aliamini. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya mayai ya kienyeji, kwa makubaliano kwamba vifaranga watagawanywa nusu kwa nusu, wa mwenye yai na wa mwenye mashine. Jirani yetu Lusia alimnyang'anya kuku wake mayai akiwa ameshaanza kuyalalia. Bi Limi, ambaye ana kuku mmoja tu, alitoa yote kumi na mawili. Wiki mbili baadaye kuku huyo akafa kwa ugonjwa wa kideri.

Yai la kuangua halikai. Siku saba, labda kumi ukilitunza. Mashine haikuja wiki ya kwanza, haikuja ya tatu. Mayai ya wengine Rhoda aliyarudisha yakiwa bado yanalika. Ya Bi Limi alishindwa kuyarudisha, kwa sababu hakukuwa tena na kuku nyuma yake. Kila asubuhi bibi yule alikuwa akipita uani kwa Rhoda na salamu yake ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Vimeanza kulia?"

"Bado, bibi."

Rhoda aliniambia kwamba swali hilo halimsumbui. Anachoogopa ni asubuhi ambayo Bi Limi atapita bila kuuliza. Alitaka hela irudi anunue mitetea, na wa kwanza aende kwa bibi.

Theonest aligongagonga kompyuta yake.

"Rhoda Ngassa. Mashine ya kutotolesha. Mama, hii imeshapokelewa."

"Na nani?"

"Na wewe." Akageuza daftari kubwa na kuweka kidole. "Sahihi hii si yako?"

"Ni yangu."

"Sasa?"

"Siku ninalipa ulinionyesha mistari miwili. Ukasema nisaini kote kote, nisije nikaunguza nauli kurudi kusaini. Nikasema moyoni, huyu mtoto amelelewa."

Mimi haikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Mwaka themanini na sita karani wa pamba alimwambia baba yangu aweke dole gumba kabisa kwenye stakabadhi, mizani itakuja jioni, mzee mzima azunguke juani kwa nini. Mizani ilikuja. Ikasema nusu ya alichovuna, na dole gumba lilikuwa limeshakubali. Stakabadhi ile ninayo.

"Kijana," nilisema, "tarehe ya kuagiza ni ipi hapo?"

"Shikamoo, mzee. Tarehe tatu Machi."

"Marahaba. Na ya kupokea?"

Alisogeza kidole, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Tarehe tatu Machi."

"Mashine inatoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Imesafiri na gari gani hilo, lililofika kabla mama hajapewa risiti?"

Kwenye benchi alikuwepo mchimbaji wa Rwamgasa aliyefuata buti zake. "Mwacheni," alisema. "Hiyo ilipanda ungo."

Theonest alicheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Mzee, tunakatwa. Oda isipofungwa ndani ya siku tano, mshahara wa kituo unapungua. Niliyempokea kazi alinifundisha hivyo, wasaini mapema, mzigo utawakuta."

"Na usipowakuta?"

"Mingi huwakuta."

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilianza na makarani wa pamba, nikawa naelekea kwa makarani wa leo wenye kompyuta, na watu wawili mlangoni walishasimama kunisikiliza.

"Baba Salome," alisema Rhoda bila kugeuka, "subiri kwanza." Akamwinamia Theonest. "Mwanangu, sijaja kukufukuzisha kazi. Huko unakoandika, andika kilichotokea."

Akaandika. Mzigo haukufika, mteja alisainishwa mapema, kosa la kituo. Akabonyeza kutuma. Jibu lilirudi haraka, na mashine ya kuchapa ikatema fomu. Theonest aliisukuma mbele ya Rhoda na kalamu juu yake.

Rhoda alisoma taratibu, midomo ikitembea. Nathibitisha kwamba nimerejeshewa fedha zangu zote na sina dai lolote lingine. Chini yake, mstari wa sahihi.

"Hela iko wapi?"

"Inakuja ukishasaini."

"Hapa nasema nimeshaipata."

"Najua, mama. Mfumo hautoi hela bila fomu iliyosainiwa. Kweli kabisa, hili siwezi kulibadilisha."

Niliishika fomu. "Usisaini. Tunaondoka na karatasi hii kama ilivyo. Naandika barua kwa mkuu wa wilaya, nakala kwa magazeti."

"Uliandika ngapi mwaka jana?" aliuliza Rhoda.

"Kumi na moja."

"Zilizojibiwa?"

"Mbili."

"Na Bi Limi kesho asubuhi nimwambieje? Kwamba tunaandika?"

Niliiachia fomu. Rhoda alichukua kalamu, akaandika juu ya mstari wa sahihi kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kama tulivyofundishwa shule ya msingi: Mashine sijapokea. Hela sijapokea. Nasaini kwa sababu bila kusaini hamtoi. Ndipo akatia sahihi, akaweka tarehe, akauliza saa, akaandika na saa.

Theonest aliisoma. "Mama, hii wataikataa."

"Wewe piga picha utume. Wakikataa, watakuwa wamesoma."

Akapiga, akatuma. Tulikaa kwenye benchi. Yule mchimbaji alizijaribu buti zake, akatembea nazo hadi mlangoni na kurudi, akasaini na kuondoka. Mimi nilikuwa na hakika ya kukataliwa, na kichwani nilishaanza aya ya kwanza ya barua. Simu ya Rhoda ikalia mkobani. Alitazama ujumbe, akanipa niusome kwa sauti. Hela yote ilikuwa imeingia.

"Walisoma?" aliuliza.

"Hapana," alisema Theonest. "Wanaangalia kama kuna wino kwenye mstari."

Rhoda aliomba lile daftari kubwa. Akachora mstari juu ya sahihi yake ya tarehe tatu Machi, akaandika pembeni: haikufika. Theonest alimwacha. Kisha akafunika ndoo yake, tukapitia sokoni.

Bi Limi alikuwa ameketi uani kwa Rhoda tuliporudi. Rhoda alimwekea mtetea miguuni, amefungwa kwa kamba ya katani.

"Wa nani huyu?"

"Wako, bibi. Yale mayai yameoza. Mashine haikuja."

Bibi aliinua kitenge, akaangalia ndoo, akaangalia jina lake mara kumi na mbili.

"Ungeniambia siku ya saba," alisema, "tungeyakaanga."

Akampapasa kuku tumboni kwa vidole viwili, akamkumbatia kwapani, akaondoka bila kuaga. Rhoda alibaki amesimama na ndoo. Usiku huo, aliniambia baadaye, hakulala sana.

Asubuhi bibi alipita uani kama kawaida.

"Mwangaluka, mayu. Ametaga."