Gramu Mia Tatu

Binti aliweka sweta ya mtoto mchanga juu ya mizani ya vifurushi, akasubiri namba zitulie. Gramu mia tano. Uzi uliotumika kuifuma ulikuwa gramu mia mbili. Aliupima mwenyewe Jumatatu. Akaipangusa mizani kwa kiganja, akapima tena, ikawa vilevile. Kwenye ukurasa wa bidhaa, penye uzito wa kusafirishia, aliandika 200, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa na Mjomba.

Mjomba ndiye aliyekuwa mwenye duka, kama duka ni jina la kukipa chumba chenye kompyuta moja na maboksi hadi darini. Sweta ziliuzwa mtandaoni. Mfumaji alikuwa dada yake mkubwa, mama wa binti, na wote wawili walilala chumba cha pili, nacho pia cha Mjomba. Mkono wa birika yule, lakini alimweleza kila mgeni kwamba amewashika ndugu zake mkono, maana damu ni nzito kuliko maji.

Wiki ya tatu kampuni ya usafirishaji ilirudisha vifurushi sita kwa sababu uzito ulioandikwa haukuwa wa kweli. Vilikuwa vimelowa njiani. Mjomba akamwamuru dada yake azifumue sweta zote sita, azifume upya. Kufikia wakati huo Mama alikuwa akikaa kitini bila mto kubonyea, na feni ilizimwa kila alipopita, asije akapeperushwa. Alipoifumua ya sita, mto ulibonyea kidogo, na aliposimama ndara zake zikasikika sakafuni kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Binti alimpandisha kwenye mizani. Alikuwa ameongezeka kilo moja na gramu mia nane.

Akamweleza Mjomba. Mjomba alipiga hesabu kichwani, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi andika mia tano," alisema. "Usafiri analipa mteja."

Ukurasa ulidai pia malighafi, ili upange kodi. Sufu tupu ilikuwa na kodi ndogo, mchanganyiko kubwa.

"Weka sufu tupu."

"Na zile gramu mia tatu za Mama?"

"Zile ni za familia. Tangu lini vitu vya familia vikatozwa kodi?"

Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha marejesho, ambacho Mjomba hakuwahi kukishughulikia. Binti alijaza kwamba bidhaa inarudishwa ndani ya siku thelathini, bila sababu, kwa gharama ya duka. Kisha akasubiri. Sweta ikirudi itafumuliwa, na Mama atarudi nayo. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Hakuna aliyerudisha. Wateja walitoa nyota tano. Mmoja aliandika kwamba ni nzito kwa namna nzuri, na mtoto akivaa hutulia kama amepakatwa na bibi yake.

"Mama, fuma vibaya," binti alimsihi. "Ruka vitanzi viwili tu."

"Nifume vibaya, mimi? Na mtoto wa watu avae nini?"

"Mama, unaisha."

Mama alizivuta sindano karibu. Usoni alikuwa amekonda kama ng'onda, ila mikono ilikuwa ileile. Akaruka vitanzi viwili kwenye kwapa la kushoto, aibu imemjaa, na sweta ile akaikunja mwenyewe ili tundu lisionekane. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kumdanganya mteja.

Siku ya tisa mteja aliomba kuirudisha. Ombi lilimfikia Mjomba, maana binti alikuwa posta. Akafungua ukurasa, akakipata kisanduku, akabadilisha: bidhaa hii hairudishwi. Kisha akamwandikia mteja kwa adabu nyingi. Mteja akajibu kwamba haina neno, tundu ameshaliziba mwenyewe, na mtoto hataki kuivua.

Mama alikuwa na kilo hamsini na nne alipoanza kazi. Alipokata uzi wa sweta ya mia na themanini, sindano zilianguka sakafuni. Kitini palibaki gauni, nalo lilikuwa na uzito wa gauni. Binti alilia mpaka sauti ikamkauka. Mjomba naye alilia, kwa kweli alilia, akapenga kamasi, akaanza kuikunja ile sweta.

"Hii niachie, Mjomba. Moja tu."

"Imeshalipiwa, mwanangu. Ningekuwa na namna, ningekuachia."

Akaifunga vizuri na kubandika anwani juu ya boksi. Halafu akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta, akaionyesha mizani kwa kidole.

"Panda. Vua viatu kwanza, usije ukanizidishia."

Binti alivua viatu, akavipanga ukutani pembeni ya ndara za mama yake, akapanda. Namba zilichelewa kutulia kwa sababu alikuwa akitetemeka. Kilo sitini nukta tisa.

Mjomba aligawanya kwa gramu mia tatu. Penye idadi ya bidhaa iliyopo aliandika 203, akabonyeza hifadhi, akainama kuziokota sindano.