Mashuka ya Raia wa Athene

"Raia ndio hawa," Mwalimu Victoria alisema, akisogeza kitambaa cheupe cha popelini mbele ya Abdulhamid. Kisha akainua furushi la kitambaa cha kahawia, akampa Pius. "Na watumwa kwako, fundi."

Vyerehani vyao vilipakana kwenye baraza moja ya Mtaa wa Narung'ombe, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa Abdulhamid tangu enzi za bibi yake. Pius alikuja kutoka Masasi na mkasi wake, akapewa kona.

Mwalimu alifundisha historia sekondari moja ya Ilala. Jumamosi wanafunzi wake wangeigiza maisha ya mji wa Athene ya kale.

"Watu walikuwa wengi, ila raia wachache," alieleza. "Lazima baba awe raia, na mama binti wa raia. Na walioamua mambo ya mji ni wanaume peke yao."

"Na waliobaki?" Pius aliuliza.

"Watumwa, wengi sana. Halafu wageni: mafundi, wafanyabiashara. Kodi walilipa, vitani walikwenda, lakini kura hawana, nyumba hawamiliki."

"Hata aliyekaa miaka ishirini?"

"Hata aliyezaliwa palepale, kama wazazi wake ni wageni."

Abdulhamid akaangua kicheko. "Pius, kumbe wewe ni mgeni wa Athene!"

Pius naye alicheka, meno tu.

Wateja walipopanda ngazi walimwamkia Abdulhamid kwanza. Wakampa suti za harusi. Pius akabaki na zipu na pindo. Na kola za Abdulhamid siku hizi zilikwenda upande! Mara ngapi Pius alizifumua akazirudia kimyakimya, mteja akaja kummwagia sifa mwenzake? Alimwonea wivu kwa jina lake lililoitwa kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kiti chake chenye mto, hata kwa alivyokohoa kama mtu aliye kwake.

Ijumaa, adhana ilipolia, Abdulhamid alivaa kofia. "Niangalizie, ndugu yangu."

Mashuka meupe ya raia, aliyoyashona Abdulhamid, yalining'inia msumarini, la mbele likiwa la msemaji mkuu wa mji. Pius alikuwa amemaliza ya watumwa, pindo zimenyooka kama mstari wa rula, na nani angeziangalia? Akachukua wembe. Akakata mshono wa bega la shuka hilo la mbele, akabakiza nyuzi tatu. Jioni Mwalimu Victoria aliyachukua yote.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Victoria alifika akihema, shuka mkononi.

"Limefumuka kwenye mazoezi! Allan, msemaji wetu mkuu, kabaki na singlendi mbele ya darasa zima. Wamemcheka mpaka kajifungia chooni, analia, hatoki. Na tunaanza saa nane!"

Abdulhamid alilileta bega la shuka karibu na macho, akalipeleka mbali, akalirudisha.

"Mshono wangu huu," alisema taratibu. "Mwalimu, nisamehe. Daktari aliniambia tangu Ramadhani kuwa macho yameingia ukungu. Nikamficha hata mke wangu." Akamgeukia Pius. "Chukua kazi zote, ndugu yangu. Mimi basi. Cherehani nitakiuza."

Yote yalikuwa mbele ya Pius sasa: suti, wateja, kiti chenye mto. Hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Akaitazama mikono ya Abdulhamid ikilikunja lile shuka kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

"Si macho, kaka," akasema. "Nilikata mimi. Jana, ulipokwenda kuswali."

"Kwa nini?" Abdulhamid aliuliza.

"Wateja wanakuita wewe," Pius alisema. "Miaka yote hii, wanakuita wewe tu."

Abdulhamid alikaa, akachukua sindano, akajaribu kutunga uzi. Ukapita pembeni. Pius alinyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha. Mara ya nne uzi ukaingia. Popelini ikateleza magotini mwa Abdulhamid, na Pius akapiga magoti sakafuni, akashika ncha ya pili ya bega, akaivuta ikanyooka.

Abdulhamid alimtazama. Kisha akaanza kushona, polepole, sindano ikisogea kuelekea vidole vya Pius, na Pius hakuviondoa.