Sitini na Moja kwa Mia

Mkunga mstaafu hakumkaribisha ndani mara moja. Alisimama kizingitini, mkono mmoja ukiwa umeshika fremu ya mlango, akaisoma kadi ya kazi ya mgeni wake kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuona wenzake wakihangaika.

"Msimamizi wa wadodosaji," alisoma kwa sauti. "Mbona mimi nilishadodoswa? Binti alikuja wiki iliyopita, akaniuliza mambo ya ushuru, nikamjibu."

"Ndiyo, mama. Mimi napita nyuma yao. Katika kila nyumba kumi lazima nirudie moja, nihakikishe kwamba mdodosaji alifika kweli na kwamba aliuliza kama alivyofundishwa."

"Kumbe wewe ndiye unayewachunga wachungaji."

"Ndivyo, mama."

"Basi huyo wako mshike vizuri, ana adabu. Watoto wa siku hizi wanabisha hodi kama wamekuja kukukamata. Yeye alitazama chini, akaviona viatu vyangu hapo ulipo, akasema, 'Mama, viatu vizuri hivi, vimeshonwa wapi?' Nikamwambia ni vya kiwanda chetu hiki hiki, nina mwaka wa nne navyo na soli haijaguswa. Nikajiona mtu! Kisha akaniuliza maswali yake." Mkunga alishusha sauti, kana kwamba viatu vyenyewe vingemsikia. "Lile la ushuru, kusema kweli, lilinibana. Mwanangu analima vitunguu. Tangu nchi jirani ilipolipiza kisasi kwa ushuru wake, vitunguu vyake vinaota mizizi ghalani. Lakini ningesemaje ushuru wa viatu ufutwe, na dakika mbili nyuma nimetoka kuringia viatu vya nyumbani? Mtu ana haya, mwanangu."

Kalamu ya Msimamizi ilisimama katikati ya mstari. Kilichomshtua hakikuwa tu kwamba mdodosaji alikuwa ameongeza maneno yasiyokuwamo kwenye dodoso. Maneno yale aliyafahamu. Yalikuwa yake mwenyewe, neno kwa neno.

Ilikuwa Jumamosi, na nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari ya viatu. Miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imepandisha ushuru wa viatu vinavyotoka nchi jirani, na kiwanda cha pekee kilichosalia mjini, ambacho watu walikuwa wamekwisha kukisomea dua, kikafufuka na kurudisha zamu ya pili. Majirani nao hawakulala. Waliupandisha ushuru wa vitunguu vyetu. Sasa pande mbili zilikuwa zimekubali kukaa mezani: ondoeni wa viatu, tuondoe wa vitunguu. Ujumbe ulikuwa uondoke Jumanne. Waziri, ambaye uchaguzi ulikuwa ukimpumulia kisogoni, alitangaza kwamba hatatia saini jambo lolote wasilolitaka wananchi, na akaiagiza ofisi ya utafiti wa maoni iulize nyumba elfu moja na mia mbili.

Kwa desturi ya ofisi, takwimu haitoki kabla ya uhakiki. Lakini wizara ilipiga simu mara tatu, na Alhamisi Mkurugenzi akaachia ile ya awali: sitini na moja kwa mia wanataka ushuru wa viatu ubaki. Kufikia jioni ilikuwa redioni. Kufikia Ijumaa, mbunge mmoja aliyekuwa akizunguka mikutanoni na fungu la vitunguu mkononi alionekana amesimama juu ya gari, kiatu kimeinuliwa, akiapa kwamba tangu utoto wake hajawahi kuvaa cha kigeni.

Msimamizi alimuaga mkunga na kutembea hadi barabarani bila kujua kwamba amesahau mwavuli wake mlangoni. Akilini alikuwa amerudi mwezi mmoja nyuma, kwenye chumba cha mafunzo, ubaoni, chaki mkononi. Wadodosaji kumi na wanne walikuwa wakilalamika kwamba watu wanawafungia milango. Akawaambia: vunjeni ukimya kwanza, kila mlangoni pana kitu cha kusifia, ua, mtoto, pazia. Tuseme viatu. Naye akaigiza, ameinama kidogo, tabasamu usoni: "Viatu vizuri hivi, vimeshonwa wapi?" Wote walicheka. Wote waliandika.

Miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha kwamba swali linaloulizwa kwanza hukaa ndani ya jibu la swali linalofuata kama chumvi ndani ya maji. Na siku ile, katika utafiti wa viatu, kati ya mifano yote ya dunia, akachagua viatu.

Aliwaita wote ofisini alasiri ile ile. Walikuja wakidhani wanakuja kupongezwa.

"Nitauliza jambo moja tu," alisema. "Mlangoni, kabla ya dodoso, ulianzaje?"

Wa kwanza kujibu alikuwa Asali, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu katika wiki mbili hakuna nyumba iliyomkatalia. "Kwa viatu, dada. Kama ulivyotufundisha."

"Viatu," alisema aliyefuata.

"Viatu."

"Mimi nilisifia viatu hata pale mwenye nyumba alipokuwa pekupeku," alisema mwingine. "Nikamwambia miguu yake inastahili viatu vizuri."

Kicheko kililipuka, kikafa kilipouona uso wa Msimamizi. Kumi na mmoja walikuwa wameanza kwa viatu. Mmoja alisifia maua, mmoja alisifia watoto, na mmoja, mpole wa kupindukia, aliona haya kusifia chochote na alikuwa amefukuzwa mara nyingi kuliko wote. Msimamizi alikaa na madodoso ya hao watatu hadi mlinzi alipokuja kufunga madirisha. Katika nyumba zao, waliotaka ushuru ubaki walikuwa arubaini na watatu kwa mia.

Huenda arubaini na tatu ndiyo iliyokuwa kweli. Huenda si hiyo pia. Nyumba za watatu zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa upande wa mji ulio mbali na kiwanda. Njia pekee ilikuwa kuuliza upya, bila sifa. Jumapili asubuhi akabisha hodi mwenyewe katika nyumba tisa. Wanne walimjibu kwa maneno ya mtangazaji wa redio, hata kwa pumzi zake. Fundi baiskeli, ambaye gurudumu lilikuwa likizunguka bado mbele yake, alimtazama kwa huruma.

"Dada, kwani bado mnauliza? Si tumeshaamua?"

"Wewe uliulizwa, kaka?"

"Mimi? Hapana, mimi sijaulizwa. Lakini tumeshaamua."

Ndipo alipoelewa kwamba maji yamekwisha kumwagika. Takwimu ile, ya kweli au ya uongo, ilikuwa imeondoka kwenye karatasi na kuingia vinywani, na sasa ilikuwa ikijitengenezea ukweli wake. Angerudi wiki ijayo angekuta sabini.

Nyumbani, mdogo wake alikuwa akipiga pasi sare ya kazi. Waliishi pamoja tangu mdogo huyo alipofiwa na mume, yeye na watoto wake wawili, na ndani ya nyumba kulikuwa na harufu ya gundi ya ngozi ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Alikuwa mshonaji wa sehemu za juu za viatu. Kabla ya ushuru kupandishwa alikaa miezi minane bila kazi, na katika miezi ile alikuwa ameacha kucheka kabisa, jambo lililomtisha Msimamizi kuliko sufuria tupu. Sasa alikuwa akiimba huku akipiga pasi.

"Dada, wenzangu wa mashine ya nne hapo kiwandani wanakuombea kwa jina. Umetutoa kimasomaso!"

"Mimi sikufanya kitu. Niliuliza tu."

"Ndiyo hivyo, umeuliza vizuri." Alinyanyua pasi, akamkazia macho. "Una nini wewe? Tangu jana unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Uchovu."

"Uchovu haumfanyi mtu anywe chai yenye chumvi. Nimekuona, umetia chumvi, ukakoroga, ukanywa mpaka chini."

Msimamizi alifungua kinywa. Mtoto mdogo akaingia akilia kwamba mkubwa amemnyang'anya penseli, na alipotulizwa, ujasiri ulikuwa umeshatoka kwa mlango uleule. Usiku aliandika ukurasa mmoja. Hakumtaja Asali wala mwingine. Aliandika kilichotokea, nyumba ngapi, mfano ulitoka kwa nani, na sentensi ya mwisho ilisema kwamba takwimu ya sitini na moja isitumike kwa uamuzi wowote.

Jumatatu saa tatu asubuhi Mkurugenzi aliusoma ukurasa huo mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye simu yake haikunyamaza tangu Alhamisi.

"Tuuweke nyuma," alisema. "Kama tanbihi. Ukurasa wa themanini na mbili. Anayetaka kuusoma atausoma."

"Hakuna anayesoma ukurasa wa themanini na mbili, mzee. Wewe mwenyewe husomi."

"Sisomi kwa sababu nakuamini."

"Basi niamini na leo. Ukae wa kwanza."

"Unajua itakavyokuwa? Wenye vitunguu watasema tulihongwa na kiwanda. Wenye kiwanda watasema tumehongwa na wenye vitunguu. Waziri atataka jina la mtu."

"Jina liko pale chini. Nimetia saini."

Mkurugenzi aliitazama ile saini. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya jirani, "Mdogo wako si yuko pale pale kiwandani?"

"Yupo."

"Ameshajua?"

Msimamizi aliitazama saa ya ukutani. Mkurugenzi aliugeuza ukurasa juu chini mezani, kama mtu anayefunika chakula kisiingiwe na nzi. "Ripoti inakwenda wizarani saa sita na nusu, huu ukiwa mbele. Saa saba redio watakuwa nayo, hiyo nakuhakikishia. Nenda."

Zamu hubadilishwa saa saba. Alifika getini mapema mno, akasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akahama, akarudi. Alihesabu nguzo za uzio. Alijiambia kwamba angeweza kuandika ujumbe kwenye simu, akauandika, akaufuta. Alijaribu sentensi za kufungulia: siku nzuri leo, umekula, watoto hawajambo. Kila moja ilimrudia ikiwa na sura ya mlangoni, ya mtu anayelainisha kwanza ili apate anachokitaka, akaziacha zote.

Mlango wa chuma ulifunguliwa na wanawake wakaanza kumiminika, aproni mabegani, vidole vimepakwa rangi ya kahawia. Aliyekuwa mbele alimtambua.

"Jamani, si huyu hapa! Mama Takwimu mwenyewe!"

Vigelegele vilipigwa. Mikono ilimshika mabega, mmoja alimvisha kofia yake ya kazi, mwingine alikuwa akimwambia kwamba meneja ameahidi kuongeza mashine sita. "Sitini na moja!" waliitikiana, kama timu iliyoshinda. Waliokuwa wakiingia zamu ya pili nao walisimama. Kwenye kibanda cha mlinzi redio ilikuwa ikicheza muziki, na Msimamizi alijikuta akiusikiliza muziki ule kwa hofu, akiomba usikatike.

Mdogo wake alipenya katikati yao akicheka. Kicheko kilimtoka alipofika karibu. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka kumi ya utoto wao, hakuhitaji dodoso.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Njoo pembeni."

"Sema hapa hapa."

"Ile takwimu imeharibika," Msimamizi alisema kwa sauti ya chini, haraka, kabla ya moyo kugeuka. "Niliwafundisha vijana vibaya, wakawasifia watu viatu kabla ya kuwauliza. Watu wakaona haya. Nimeandika, imeshakwenda wizarani. Waziri hataweza tena kuisimamia."

Mdogo wake alimkamata mkono. "Imeshakwenda," alirudia.

"Nusu saa iliyopita."

"Na jana nilikuuliza una nini."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia uchovu." Aliuachia mkono wa dada yake, na kwa kitambo Msimamizi alidhani ataondoka zake. Badala yake aligeuka, akalitazama lile kundi la wenzake lililokuwa bado likiimba nambari yake, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia.

"Nyamazeni kidogo!" alipaza sauti. "Nyamazeni, nimesema! Dada yangu ana neno. Asilisikie mtu redioni kama mkimbizi anayesikia habari za kwao."

Wakanyamaza kwa mafungu, wa mbele kwanza, wa nyuma wakiulizana kuna nini. Msimamizi alivua ile kofia ya kazi, akabaki nayo mikononi. Zaidi ya macho mia moja yalikuwa yakimtazama, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuwa na karatasi ya kujikinga nayo.

"Ile sitini na moja si ya kweli," alisema. "Kosa ni langu. Si la wale vijana waliopita majumbani, ni langu."

Kutoka nyuma, mwanamke mmoja mrefu aliyekuwa akiingia zamu, ambaye hata aproni alikuwa hajaifunga, aliuliza bila ukali wowote, kama anayeuliza njia:

"Sasa ya kweli ni ngapi?"

Arubaini na tatu ilimjia ulimini, tayari, nyepesi, yenye sura ya ukweli. Akaimeza.

"Sijui," alisema. "Mliyoisikia imeshawageuza watu, na mtakayoisikia leo itawageuza tena. Sijui, na sijui ni lini nitajua."

Ndani ya kibanda cha mlinzi muziki ulikatika. Kengele ya kuingia zamu ililia, ndefu, ikanyamaza, ikalia mara ya pili. Hakuna aliyeingia, na hakuna aliyetoka. Mdogo wake alikuwa amesimama kando yake, bega karibu na bega bila kugusana, akilitazama lango kama wote.