Kwa Kaka

Tulikuwa tumeshaipita kona ya kiwanda cha barafu, mizigo imefungwa kamba nyuma ya pikapu, mpwa wangu alipomwambia dereva ageuze.

"Nimesahau kitu," akasema.

Hakuwa amesahau kitu. Mimi mjomba mtu, niliyelala kwenye nyumba nyingi kuliko nilizokaribishwa, namjua aliyesahau na namjua aliyeshindwa kusahau.

Pwani ile watu hupanda mawimbi wakisimama juu ya ubao, na kila wimbi lina jina. La kwanza ukitoka gatini ni Kinyozi, maana mwamba wake uko juu na ukianguka unanyolewa ngozi. Anafuata Mkwe: ukimwendea bila adabu anakurudisha ulikotoka. La mwisho, refu, linalokubeba mpaka mchangani kama mtoto aliyesinzia, ni Kwa Kaka.

Siku lilipopandwa mara ya kwanza nilikuwepo. Kaka yake mpwa wangu huyu alikaa mchangani na sisi, akisema pale hapapandiki, atakayejaribu ataokotwa vipande. Dada yake, huyu huyu wa kwenye pikapu, akachukua ubao, akaingia majini. Aliposimama juu ya wimbi akapiga kelele, "Kakaaa! Kaka, nitazame!" Akaja nalo mpaka miguuni petu anaita hivyo hivyo. Watu wakacheka, wakapaita Kwa Kaka. Jina halina asili nyingine.

Kufikia siku ile ya kuhama kaka alikuwa na banda, mbao za kukodisha na kibao cha rangi nyekundu. Wageni aliwaambia pale alipafungua yeye. Na dada miaka yote alikuwa nyuma ya banda akiziba nyufa za mbao, vidole vimeganda gundi.

Tulimkuta kaka anafundisha. Wanafunzi wamelala kifudifudi juu ya mbao, mchangani, kama samaki walioanikwa.

"Waambie," dada akasema. "Mara moja tu, mbele yangu, halafu naenda zangu. Nani alipapanda kwanza?"

"We dada, si ulishaaga?"

"Waambie."

Kaka akacheka, akakionyesha kibao. "Soma. Kwa nani hapo? Na aliyelitaja jina si wewe mwenyewe, kwa mdomo wako?"

Nikasema mimi nilishuhudia.

"Mjomba naye! Kwako hupajui, utapajua kwa watu?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama somo limekwisha.

Dada alisimama akisubiri. Kaka akainama kumnyoosha mwanafunzi kiwiko, akakinyoosha na kukinyoosha, kiwiko kilichokwisha kunyooka. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Labda ndiyo maana inazamisha upesi.

Tukarudi kwenye pikapu.

"Umekipata?" dereva akauliza.

"Sijakipata. Twende."

Baadaye gati lilirefushwa, mchanga ukahama, wimbi likafa. Kinyozi na Mkwe wapo. Kaka aliuza mbao, sasa analinda geti la ghala huko huko gatini. Palipokuwa na banda pana kituo cha mafuta, nacho kinaitwa Kwa Kaka. Wanaojaza mafuta hudhani ni jina la mwenye kituo. Dada yuko mji usio na bahari, anafua mashuka ya hoteli. Ameolewa. Wanawe wakimuuliza kama anajua kuogelea, husema kidogo. Hajasemezana na kaka yake. Dereva alikufa kwa homa. Wanafunzi sikuwaona tena. Mimi nililala kwa dada siku chache, nikaondoka.