Kito cha Tatu

Ninalala mchana kwenye mkeka, katikati ya wanawake waliokuja kumlilia dada yangu Sikudhani, na simu yake iko mkononi mwangu, gemu yake iko wazi. Ni ile ya vito vya rangi: unasogeza kimoja, na vitatu vya rangi moja vikikaa mstari mmoja vinapasuka, vinadondoka vingine kutoka juu. Dada alikuwa akiicheza jikoni akisubiri wali aliopalia makaa, akaiacha ikiwa imebaki hatua moja. Sijaigusa. Nimeichomeka kwenye chaja tangu siku ya kuzika isije ikazima, maana leo alasiri matanga yanaanuliwa, na kaka Mbaruku ataichukua, afute kila kitu, ampe binti yake. Silii. Nasikia Bi Mwantumu anakoroma pembeni yangu, nasikia masufuria yanaoshwa uani, halafu sauti ya maji inakuwa barabara na mimi niko juu yake.

Barabara ni ya miraba, kila mraba na rangi yake, na kila ninaokanyaga unashuka kidogo, lakini sifiki chini. Kandokando kuna miji, na mbele ya kila mji kuna mji uleule uliogeuzwa kama kwenye kioo, na watu wa huku na wa kule wanatembea wawiliwawili kwa uangalifu, hakuna anayetaka kuwa wa tatu. Naona kwa nini. Mzee wa kanzu ya bluu anapita karibu na wenzake wawili wa kanzu za bluu, wote wanapasuka bila kelele, na kutoka juu wanadondoka watu wengine, wanajikung'uta, wanaendelea na safari. Sishtuki. Najitazama, nimevaa gauni la kijani, la lile jora tulilokata sare mama, dada na mimi kwa harusi ya Mbaruku, mama alipokuwa hai. Mtu anatembea mbele yangu. Anageuka, hana uso, pana weusi unaong'aa kama simu iliyozimwa, na ndani yake najiona. Namwuliza, dada yangu yuko wapi. Anasema, kitendawili. Nasema, tega, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuitika tangu utotoni. Anasema, wawili wapo, akija wa tatu hawapo. Jibu nalijua. Liko mdomoni kama kokwa, ila nikilitema itabidi nilisikie. Anasema, basi nipe mji. Nampa Tanga. Anasema, nimekwenda Tanga, nimekula, nimelala, nimerudi, na Tanga inatoweka, pamoja na ile ya kwenye kioo. Kwetu aliyetega akishapewa mji hutoa jibu. Huyu hatoi, anatega kilekile. Nampa Morogoro. Nampa Handeni, nampa Lushoto, nampa Dodoma ambako sijawahi kufika, na kila mji ukiondoka barabara inafupika, inafupika, mpaka nawaona.

Mama na dada wamesimama bega kwa bega, wamevaa kijani, na mraba wa tatu pembeni yao uko wazi. Dada anatafuna kashata. Anasema, mama, mwangalie anavyotembea, kama amebeba ndoo ya kuazima. Mama anasema, mwache mwenzio, amechoka. Nasema, dada, nakuja. Dada anaacha kutafuna. Anasema, Chausiku, ishia hapohapo. Nasema, nafasi ipo. Anasema, naiona, kwani sina macho? Ukisimama hapa tunakwisha wote, na mahali petu wanadondoka watu tusiowajua. Nani atakumbuka mama alivyokuwa akiimba akikuna nazi? Mbaruku? Mbaruku hakumbuki hata alipovulia viatu. Asiye na uso anasema, nipe mji. Umebaki mmoja, Korogwe, wenye ile nyumba na ule mkeka. Nikiutoa sina pa kurudi, na mguu wangu umeshanyanyuka kuelekea mraba ulio wazi. Dada anasema, jibu basi, we, hukuwahi kushindwa kitendawili, ulikuwa unatuudhi. Nasema, ni sisi. Nasema tena, ni mama, dada na mimi. Halitoki kama kilio, linatoka kama mtu anayetaja jina lake dirishani hospitali. Mguu wangu unarudi chini.

Niko kwenye mkeka. Wanawake wamekwisha kukunja yao. Simu ina joto, imebaki hatua moja, vito viwili vya kijani vimekaa pamoja na cha tatu kiko jirani, kinangoja kusogezwa, na sikumbuki kama kilikuwa hapo nilipolala. Nimevaa gauni la kijani. Sikumbuki kama nililivaa asubuhi. Mlangoni amesimama mtu, mwanga uko nyuma yake, usoni ni weusi tu, lakini sauti ni ya Mbaruku. Ananyoosha mkono. Nipe, anasema. Sijui kama anataka simu au anataka mji. Naibana simu kifuani.

Korogwe sitoi, namwambia.